Ujira wa Mbaraka Mwinshehe

Apitaye Ilomba jioni, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, hakosi kulisikia gitaa la Mbaraka Mwinshehe likilia kutoka katika baa mojawapo. Madereva wa malori walijua, wazee walijua zaidi, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipokufa hulicheza bila kuuliza ni la nani. Sisi twauliza: muziki huu upigwapo, alipwaye ni nani?

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944. Alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya sitini, na haukupita muda mrefu akawa nguzo ya bendi: mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo. Mwaka 1970 alikwenda na wenzake Osaka, Japani, kuiwakilisha nchi yetu katika Maonyesho ya Dunia. Mwaka 1973 aliunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Januari 1979 alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, naye ana miaka 34 tu.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalo deni letu kwake. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa na mkulima huko Ismani siku ya Krismasi 1971, katika zile siku kali za kujenga vijiji vya Ujamaa, Mbaraka alitoa wimbo wenye jina la marehemu. Magazeti nayo yaliandika, lakini gazeti la jana hufungiwa sukari. Wimbo humfikia hata asiyejua kusoma, tena hudumu.

Wakati ule Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Redio Tanzania ilizirekodi bendi Dar es Salaam na nyimbo zikasikika nchi nzima, ila aliyetaka sahani yake iuzwe dukani hakuwa na budi kufunga safari ya Nairobi. Huko ndiko santuri za Mbaraka zilikouzwa sana, na wimbo wake "Shida" ukavuma kupita mipaka. Hata baada ya kifo chake kazi zake zilitolewa tena katika mfululizo ulioitwa "Ukumbusho". Jina zuri, lakini ukumbusho haulipi karo ya mtoto.

Wapo wasemao muziki ni starehe, wala si kazi. Hao wamesahau historia ya wafanyakazi wa nchi hii. NUTA, chama chetu cha wafanyakazi, kilipoanzisha bendi yake mwaka 1964, wapiga muziki wake waliajiriwa kwa mshahara. Mpuliza tarumbeta alihesabiwa kuwa mfanyakazi kama wenziwe wa bandarini na wa mashambani. Kilichokosekana, hata kwao, ni malipo ya kazi ile kila ilipotumiwa tena na watu wengine kwa faida.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuja kulitambua jambo hilo. Iliweka ulinzi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na COSOTA ikapewa kazi ya kusimamia. Sheria ni njema. Utekelezaji ndio unaosuasua. Mwenye baa hulipa bia, umeme na mlinzi wa usiku, lakini akidaiwa ada ya muziki unaomjazia viti, huona ameonewa. Nasi wanywaji, tuseme kweli, hatujapata kumuuliza.

Kwa hesabu ya sheria hiyo, haki ya warithi wa Mbaraka yafika mwisho wake mwaka 2029. Twataka COSOTA na Shirika la Utangazaji waorodheshe tungo zake zote, zilizorekodiwa Dar es Salaam na zilizotolewa Nairobi pia, waitangaze orodha hiyo hadharani, na ada ianze kukusanywa katika mabaa na mabasi kabla mwaka huo haujafika.