Ukiuza Vifaa vya Kompyuta Mtandaoni, Uliza Kwanza Mteja Ana Nini



Leo naandika kitu ambacho najua baadhi yenu hamtakipenda. Maoni yangu ni haya: kama unauza vifaa vya kompyuta mtandaoni, na mteja akapokea kifaa kizima kabisa lakini hakiingii kwenye mashine yake, kosa mara nyingi ni lako wewe muuzaji. Siyo la mteja. Na hela ya kurudisha huo mzigo itoke mfukoni mwako.

Najua mtaniambia "mteja ndiye anayejua anachotaka." Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Ngoja niwaeleze kilichonibadilisha.

Nina duka dogo hapa Tabora mjini. Nimeishia kidato cha nne, kompyuta sijasomea chuoni. Nimejifunza kwa kufungua mashine za watu na kuangalia video usiku. Mzigo nachukua Kariakoo, unapanda na basi, halafu nauza kwa simu. Wateja wangu wako Nzega, Igunga, Sikonge, Urambo, Kaliua, mpaka Kigoma. Wengi hawajawahi kuniona hata sura.

Siku moja kijana wa Kaliua akaona kadi ya grafiki nimeiweka stetasi. RX 580, mtumba, safi. Akanitumia ujumbe: "Kaka, hiyo kadi inapiga gemu la mpira?" Nikamjibu haraka haraka: "Inapiga mkuu, hicho ni chuma." Akatuma hela yote, shilingi 320,000. Nikafunga mzigo, nikaupeleka stendi, nikalala vizuri.

Kesho yake akanitumia picha. Kompyuta yake ilikuwa ile nyembamba ya ofisini, zile za mtumba ambazo sote tunazijua. Ameifungua mfuniko, kadi ameilaza juu kwa sababu haiingii popote. Ni ndefu, ni nene, na kimo chake ni mara mbili ya nafasi iliyopo. Pawa saplai ya ile mashine ilikuwa ya wati 180 tu, wakati kadi peke yake inakula wati 185 ikiwa kazini. Waya wa kuilisha haupo kabisa. Chini ya picha ameandika: "Kaka nimekosea wapi?"

Hakunitukana. Laiti angenitukana ningepata sababu ya kukasirika.

Nikamjibu jibu letu la siku zote: bidhaa ikishauzwa hairudi. Ndipo akaniambia hela ile ilitoka kwenye malipo ya tumbaku ya baba yake. Mzee alimpa afungue chumba cha gemu, shule zikifungwa watoto waje wacheze kwa kulipia. Nilikaa na hela yake wiki tatu nikijifanya sioni meseji. Mwishoni nikamrudishia, lakini shule zilikuwa zimeshafunguliwa. Msimu wake ulipita kwa sababu yangu. Hajanunua kwangu tena, na simlaumu.

Sasa nauliza: yule kijana alikosea wapi? Aliuliza swali lake. Alisema anataka kifaa kwa kazi gani. Aliyejua kwamba RX 580 inataka waya wa pini 8 na kasha pana ni mimi. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kuuza.

Na hili siyo suala la huruma tu. Tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kwa lugha yetu ya dukani inasema hivi: mnunuzi akikujulisha anataka bidhaa kwa kazi gani, akategemea ujuzi wako wewe unayeuza bidhaa za aina hiyo, basi bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Akija amekutajia jina la kifaa mwenyewe bila kutegemea ushauri wako, mambo yanaweza kubadilika. Lakini akikuuliza "itafanya kazi?" nawe ukasema "ndiyo", umeshaingia mzima mzima. Ile karatasi ya "bidhaa ikiuzwa hairudi" tuliyoibandika ukutani haikuokoi kama unavyofikiri.

Halafu sisi watu wa Tabora ndio tungetakiwa kulijua hili kuliko wote. Mji wetu umekuwa njia panda ya biashara tangu enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Stanley alifika hapa Juni 1871 baada ya kutembea karibu miezi mitatu kutoka pwani, na kwenye kitabu chake ameeleza shida ya kuchagua shanga kabla ya safari. Shanga nyekundu za samisami zilikubalika huku Unyamwezi, nyeusi zilipita kule Ugogo lakini kwingine hazikuwa na thamani. Nyingine zilipendwa Ujiji, sehemu nyingine zikakataliwa. Ukibeba shanga nzuri ambazo watu wa mbele hawazitaki, wapagazi wamezibeba bure.

Yaani shanga zilikuwa nzima, hazikuvunjika, lakini haziendani na pale zilipofika. Kadi yangu ya Kaliua ilikuwa shanga nyeusi Unyamwezi. Tofauti ni kwamba mfanyabiashara wa msafara hasara ilimkuta yeye mwenyewe. Mimi nilitaka kumbebesha mteja.

Kwa hiyo sasa situmi kitu kabla sijapata majibu ya maswali haya matano. Yachukue, yabandike kwenye simu yako.

1. Kasha lako likoje? Mwambie afungue mfuniko wa pembeni, apige picha, aweke na rula. Kama ni mashine nyembamba ya ofisi, inataka kadi fupi za nusu kimo, na hata hizo hakikisha zinakuja na bati lake fupi la nyuma. Kama ni kasha pana, pima urefu kutoka nyuma ya kasha mpaka kizuizi cha mbele. Kadi za feni mbili au tatu zinaweza kuzidi sentimita 25.

2. Pawa saplai ina wati ngapi, na ina waya gani? Omba picha ya lebo na picha ya nyaya. Nafasi ya kadi kwenye madabodi inatoa umeme usiozidi wati 75. Kadi kama GTX 1050 Ti na GTX 1650, matoleo mengi yanaishi kwa umeme huo huo bila waya wa ziada. Angalia lakini, yapo matoleo yenye tundu la pini 6. Kadi kubwa inataka waya wake. Na tafadhali, acheni kuwauzia watu adapta ya kugeuza waya wa diski kuwa waya wa kadi kubwa. Waya ule haukutengenezwa kubeba mzigo huo. Unaweza kuyeyuka, na nyumba ya mtu ikawaka kwa ajili ya adapta ya buku tano.

3. Madabodi ni ipi na prosesa ni ipi? Mwambie abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike msinfo32, apige picha. Hapa ndipo wengi tunaumia kwa sababu vitu vinafanana kwa macho. Soketi ya Intel LGA1151 ni mfano mzuri. Prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 zinataka bodi za mfululizo wa 100 na 200, za kizazi cha 8 na cha 9 zinataka bodi za mfululizo wa 300. Jina la soketi ni lile lile, prosesa inakaa vizuri kabisa, mashine haiwaki. Kizazi cha 10 na cha 11 wakahamia LGA1200, cha 12 mpaka cha 14 LGA1700. Upande wa AMD, AM4 imebeba Ryzen nyingi, lakini bodi ya zamani ukiiwekea prosesa mpya bila kuisasisha BIOS kwanza, utakaa unaangalia skrini nyeusi.

4. RAM ni aina gani? DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Kila moja ina pengo lake sehemu tofauti, ukilazimisha unavunja. RAM ya laptop ni fupi, haikai kwenye bodi ya kawaida ya mezani. AM4 ni DDR4, AM5 ni DDR5 tu. LGA1700 ndiyo mtego, kuna bodi za DDR4 na kuna za DDR5. Usimuuzie mtu RAM kwa kutaja GB peke yake.

5. Picha itatokea wapi? Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina grafiki ndani. Ryzen 5 5600 haina, 5600G inayo. Mtu akinunua 5600 bila kadi, hatapata picha hata akae mpaka asubuhi. Uliza pia skrini yake ina tundu gani. Skrini nyingi za mtumba zina VGA tu, na kadi za siku hizi hazina. Atahitaji kibadilishi chenye kugeuza mawimbi, siyo kiunganishi cha plastiki tu.

Kama anajenga mashine kwa vifaa vipya, tovuti ya PCPartPicker itakusaidia kuona vipi vinagombana. Lakini zile kompyuta za ofisi za mtumba usitegemee kuzikuta pale. Nyingi zina bodi na nyaya za umeme za umbo lao wenyewe, kwa hiyo hata kubadilisha pawa saplai siyo kununua yoyote tu na kuchomeka. Kwa mashine hizo, picha ya ndani ndiyo kila kitu.

Sasa najua mtaleta hoja zenu. Nianze kuzijibu.

"Ukiuliza maswali mengi mteja anakimbia." Kweli, wapo wanaokimbia. Wengine wananiblock kabisa, wanaona nawasumbua. Lakini nilipochunguza, wengi waliokimbia ni wale wale ambao mzigo ungerudi. Kwenye daftari langu, mwaka ule wa kijana wa Kaliua kadi nne zilirudi. Tangu nianze kuuliza imerudi moja, na hiyo ilikuwa mbovu kweli. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Piga hesabu ya nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, siku ambazo kifaa kiko njiani badala ya kuwa dukani, na muda wa kugombana. Faida ya kadi moja haifiki huko.

"Mimi siyo fundi, mimi nauza tu." Sawa, basi sema hivyo kwenye tangazo. Andika: "Sijui kama itaingia kwenye mashine yako, muulize fundi wako kwanza." Huo ni ukweli na hauna ubaya. Ubaya ni kusema "inapiga mkuu" wakati hujui.

"Wa Dar hawaulizi, mbona wanauza?" Dar mtu akikosea anapanda daladala anarudi dukani mnabadilishana. Mteja wangu wa Kigoma yuko kilometa 400 hivi kwa reli kutoka hapa. Kwake kosa moja ni wiki nzima. Sisi wa mikoani umbali unatulazimisha kuwa waangalifu zaidi, na hiyo inaweza kuwa nguvu yetu. Mtu wa Kaliua akijua kwamba Tabora kuna duka linalouliza kabla ya kupokea hela, ataagiza huku hata kama Kariakoo ni nafuu kidogo.

Nilichoamua mimi ni hiki, na nashauri tuige: nikisema kitaingia na kisipoingia, nauli ya kwenda na kurudi ni yangu, na hela inarudi siku ninayopokea mzigo. Mteja akinidanganya, au akinitumia picha ya mashine nyingine, hapo nauli ni yake. Nimeiandika hivyo kwenye kila tangazo, ili kila mtu ajue mapema.

Na mara nyingine jibu zuri ni kumuuzia kitu kidogo. Wiki iliyopita dada mmoja wa Urambo alitaka kadi ya shilingi laki nne. Nilipoona picha za mashine yake nikamuuzia kadi ndogo ya nusu kimo na RAM moja ya kuongeza. Nilipata faida ndogo kuliko ambayo ningepata. Jioni akanitumia video, gemu linatembea, wadogo zake wamejazana nyuma wanapiga kelele.

Ile chati ya kijana wa Kaliua bado ninayo kwenye simu. Sijaifuta. Nikitamani kumjibu mtu "inapiga mkuu" bila kuuliza, naifungua naangalia ile picha ya kadi iliyolala juu ya mashine.

Haya, zamu yenu. Wewe unauliza nini kabla ya kutuma mzigo? Na wale mnaouza simu, spea za pikipiki au majiko ya gesi, kwenu kosa la "haiingii" linatokea wapi? Andikeni hapo chini tujifunze wote.