Chukudu haina gia, lakini moyo unazo

Mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Wanaume walikimbia zaidi ya kilomita 260 kwenye vilima, na Tadej Pogačar wa Slovenia akachukua ushindi. Wengi wao huwa na mganga, mwalimu na saa inayowaonyesha moyo wao unapiga mara ngapi kwa dakika.

Ngambo hii ya mpaka, kwenye barabara ya Mushaki, Sake hadi Goma, vijana wetu wanafanya kazi ya miguu na mapafu kila siku ya Mungu. Wanashusha maharagi, viazi, mbao na makala juu ya chukudu, kisha wanapandisha tena mlima. Goma iliwajengea sanamu tangu 2009. Lakini nani amewahi kuwafundisha kuhesabu mapigo ya moyo?

Wengine watasema hayo ni mambo ya wazungu wenye saa za bei. Sivyo. Kipimo chenyewe ni vidole viwili kwenye mkono, chini ya kidole gumba, na saa ya simu ya kawaida. Asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili. Mtu mzima mwenye afya hupata kati ya 60 na 100. Aliyezoea kazi nzito anaweza kuwa chini ya hapo. Ukiwa njiani, simama kwanza, hesabu sekunde 10, zidisha mara sita. Usichelewe, kwa sababu moyo unapungua haraka ukipumzika.

Walimu wa michezo hugawa kazi ya moyo katika ngazi tano, kuanzia nusu ya nguvu yake hadi mwisho wake. Ili kuzipata, wengi huchukua 220 na kutoa umri. Kijana wa miaka 30 anapata 190. Ngazi ya pili, ile ya kujenga pumzi, ni asilimia 60 hadi 70: mapigo 114 hadi 133.

Hapo ndipo tunaomba watu wawe waangalifu. Hesabu ile ni ya wastani tu. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo 10, hata 20. Tena, Karvonen wa Finland alionyesha tangu 1957 njia nyingine: toa mapigo ya kupumzika kwanza, chukua asilimia ya kinachobaki, halafu uyarudishe. Kijana yule yule, kama moyo wake ukipumzika unapiga 60, ngazi yake ya pili inakuwa 138 hadi 151. Mtu mmoja, moyo mmoja, majibu mawili. Anayechukua namba za njia moja na kuzitia katika mazoezi ya njia nyingine anajidanganya.

Kwa hiyo namba isaidiwe na mdomo. Ukiweza kuongea sentensi nzima huku unasukuma, uko ngazi za chini. Ukitoa maneno matatu na kuvuta pumzi, umefika katikati. Ukishindwa kujibu salamu, uko juu, na pale hakuna anayekaa muda mrefu. Waendesha baiskeli wakubwa hutumia sehemu kubwa ya mazoezi yao kwenye ngazi za chini, na siku chache tu wanajikaza sana. Vijana wetu wa vilabu hufanya kinyume: kila siku mbio, kila siku mashindano, kisha wanashangaa miguu imekufa.

Kwa mtu wa chukudu kuna jambo jingine. Kushuka Mushaki na mzigo kunachosha mikono na akili, kwa sababu breki ni kipande cha mpira tu kinachokanyagwa juu ya gurudumu. Moyo unapimwa wakati wa kurudi, anaposukuma kupanda akiwa na njaa na jua kichwani. Na mzigo wa kesho haupangwi na moyo wake; unapangwa na bei ya soko, na pesa za vizuizi barabarani, na madeni ya nyumbani. Tangu vita vilipofika Mushaki mwezi wa Februari 2023, familia nyingi zilikimbia na kuacha mashamba na ng'ombe. Mwili ndio mtaji uliobaki. Mtaji haulindwi bila kuhesabiwa.

Ndiyo maana hesabu ya asubuhi ina faida kuliko namba zote za mashindano. Kama kawaida yako ni 62 na leo ni 75, mwili unasema neno: hukulala, hukunywa maji, au malaria inaanza. Homa ikipanda digrii moja huongeza karibu mapigo 10. Siku hiyo punguza mzigo, au nenda kituo cha afya. Na anayesikia maumivu kifuani au kizunguzungu asihesabu kitu: ashuke, akae, atafute mganga.

Tunaomba mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. Vituo vya afya vya Masisi viwafundishe watu wa chukudu kuhesabu mapigo na viwapime shinikizo la damu wanapopita. Na vyama vyao, ambavyo tayari hukusanya michango ya wanachama, vikubaliane kwamba aliyeamka na mapigo ya juu anaweza kuacha mzigo kwa mwenzake bila kupoteza zamu yake. Leo anayepumzika anapoteza mteja. Hapo ndipo kijana anapopanda mlima na homa.