Tajiri akiwa na haraka, usitweke

Kwani nani aliwaambia tanga la mbele linatwekwa saa tisa alasiri, kusi imeshika, ati kwa sababu tajiri ana wageni kesho? Naongea na nyinyi mnaopiga vibarua kwenye yoti pale hori ya Kilifi na Mtwapa. Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kuwaringia, lakini vidole vyangu kumi viko vyote na ndivyo mtaji wangu.

Watu hudhani tanga la rola limemaliza hatari. Likishakuwa juu, sawa, ni raha: unavuta kamba moja linajiviringisha lenyewe. Lakini siku linarudi kutoka kwa fundi wa kushona, hiyo raha haipo bado. Huwezi kuliviringisha mpaka lifike juu kabisa na likazwe. Nusu njia liko wazi lote, na ukilishusha linatoka kwenye mfereji wake na kumwagika sitahani, likitaka kwenda majini.

Kwa hivyo mimi ni mtu wa alfajiri. Upepo umelala, mashua iko kwenye boya, omo inaangalia upepo. Na uangalie maji pia, manze. Yakitoka kwa nguvu horini, mashua hufuata mkondo, haijali upepo, so ngoja yasimame kwanza. Pembe ya chini funga kwenye dramu, pembe ya juu na henza kwenye kile kizungushi cha juu. Demani zifungwe kwa fundo, sio pingu ya chuma, kisha ziachwe zimelegea. Pembe ya nyuma ikianza kupigapiga na chuma juu yake, hiyo ni rungu, na kichwa ni chako.

Halafu wawili, sio mmoja na simu. Mmoja omoni analisha ukingo wa tanga kwenye mfereji, vidole mbali na mlango wake. Mwingine anavuta henza pole pole, macho kwa mwenzake.

Hapa ndipo tunakosana na matajiri. Tanga likigoma, utasikia, "Tia winchi!" Hapana. Winchi haijui kama inapandisha tanga ama inalichana. Vuta kwa mkono, ukikataa simama uangalie: mara nyingi kitambaa kimejikunja pale mlangoni. Winchi ni ya mwisho, kuondoa makunyanzi ya ukingo wa mbele, basi.

Likishakaa, liviringishe hapo hapo. Likiwa zito, usilazimishe, tazama juu. Henza inaweza kuwa imejizungusha kwenye waya wa mbele, na ukikazana unaweza kuukata. Waya huo ndio unaoshikilia mlingoti usianguke nyuma.

Video nyingi za yoti zinakata hii sehemu yote. Unaonyeshwa tanga chini, muziki, tanga juu. Naelewa, hata mimi naishi kwa views, lakini kijana wa kibarua anajifunza wapi?

Na tuseme ukweli, kibarua wa siku akikatika kidole, nauli ya hospitali ni yake. Tajiri ana bima ya mashua. Ndiyo maana nasema siku ya kungoja upepo ilipwe kama siku ya kazi, na mkubaliane kabla hujakanyaga sitaha. Nyinyi wa Mtwapa, kwenu inalipwa?