Mke Aliyechagua Jela

JICHO LA JIRANI
Na Salma Mwinyi

Historia ya wanawake wa India husimuliwa kama ngazi. Mwaka 1829 Gavana Mkuu Bentinck anapiga marufuku sati, ile mila ya kumchoma mjane pamoja na maiti ya mumewe, baada ya mwanamageuzi Rammohan Roy kuipigia kelele kwa miaka mingi. Mwaka 1856 wajane wa Kihindu wanaruhusiwa kuolewa tena, kwa jitihada za msomi Vidyasagar. Kisha uhuru, kisha mambo yananyooka. Simulizi hii inanikera. Wanawake ndani yake hawafanyi kitu, wanaokolewa tu: leo na Mwingereza, kesho na bwana msomi wa Calcutta. Savitribai Phule, aliyefundisha wasichana mjini Pune tangu 1848 huku akirushiwa kinyesi cha ng'ombe njiani, hutajwa kwa pumzi moja, kama anatajwa.

Wiki hii nawaletea Rukhmabai wa Bombay. Aliozwa akiwa na miaka 11 kwa kijana aitwaye Dadaji Bhikaji, lakini akabaki kwao, kwa mama yake na baba wa kambo aliyekuwa daktari, akijisomea kila kitabu kilichomfikia. Mwaka 1884 Dadaji, kuona mke haji, akaenda mahakamani kudai haki zake za unyumba. Binti, sasa mwenye miaka kama 20, akagoma. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema, nzito kuibeba: nilikuwa mtoto, sikuulizwa, na mtu huyu simtaki.

Jaji Pinhey alimpa ushindi mwaka 1885, na Bombay ikachafuka. Tilak, anayekumbukwa kama shujaa wa kupigania uhuru, alimshambulia magazetini. Rufaa ikakatwa, kesi ikarudi, na Machi 1887 Jaji Farran akaamuru aende kwa mumewe, la sivyo miezi sita jela. Rukhmabai akajibu kwamba atakwenda jela.

Wanaomsifu Mwingereza mkombozi hupita hapa mbiombio. Dai la Dadaji halikutoka katika vitabu vya dini ya Kihindu. Lilitoka katika mahakama za kanisa za Uingereza, likaingia India na wanasheria wa mkoloni. Tena huko kwao adhabu ya jela kwa mke aliyekataa kurudi ilifutwa 1884, mwaka uleule Dadaji alipofungua kesi! Mwanamke wa Bombay alitishiwa kifungo ambacho mwanamke wa London alikuwa ameshaepushwa nacho.

Jela hakwenda. Mwaka 1888 Dadaji alikubali rupia 2,000 akaachana na madai yake, kisha Rukhmabai akapanda meli kwenda London kusomea udaktari. Alirudi na shahada, akatibu wanawake Surat na baadaye Rajkot hadi uzeeni. Kesi yake, pamoja na kifo cha Phulmoni, mtoto wa Bengal aliyefia mikononi mwa mumewe, ndivyo vilivyoisukuma sheria ya 1891. Nayo ilipandisha umri wa chini wa msichana kuingiliwa kutoka miaka 10 hadi 12 tu. Hata hiyo Tilak aliipinga.

Na ngazi? Ambedkar, waziri wa sheria wa India huru, alijiuzulu mwaka 1951, moja ya sababu ikiwa marekebisho ya sheria za familia kukwamishwa bungeni. Yalipopita vipande vipande kuanzia 1955, Sheria ya Ndoa ya Wahindu ilibeba katika kifungu cha 9 dai lilelile la Dadaji. Uingereza ililifuta 1970. Mahakama Kuu ya Andhra Pradesh ilisema mwaka 1983 kwamba linavunja katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikalirudishia uhai. Na sheria mpya ya jinai, iliyoanza kutumika Julai 2024, bado haimhesabu kuwa mbakaji mume anayemwingilia kwa nguvu mkewe aliyetimiza miaka 18.

Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria kutoka Gujarat waliiomba Mahakama ya Juu ikiondoe kifungu cha 9. Mimi ningekuwa jaji, ningeagiza kwanza faili la Bombay la 1887.