Ukomo wa Urais Uachiwe Wapigakura

Walioiandika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 walijua wanachokiogopa. Walimwona Waziri Mkuu Obote akiitupa Katiba ya uhuru mwaka 1966 na kujitwalia urais. Walimwona Idi Amin akifanywa rais wa maisha. Ndiyo maana wakaandika kwamba rais atatawala mihula miwili ya miaka mitano mitano basi, na kwamba mgombea urais asiwe amepita umri wa miaka 75. Lakini vifungu hivyo hawakuviingiza kwenye orodha ya vile visivyoguswa bila kura ya maoni ya wananchi. Theluthi mbili ya wabunge ikatosha kuvifuta. Bucha likakabidhiwa fisi.

Mwaka 2005 fisi akala. Ukomo wa mihula ukaondolewa, huku wabunge wakiwa wamegawiwa shilingi milioni 5 kila mmoja, fedha zilizoitwa za kuwawezesha. Na kuna jambo linaloniumiza kuliko fedha hizo. Mwaka huohuo, mwezi Julai, Waganda waliitwa kwenye kura ya maoni kuamua kama warudi kwenye mfumo wa vyama vingi. Masanduku yalikuwepo, karatasi zilikuwepo, wapigakura walipanga foleni. Swali la ukomo wa rais halikuwekwa mbele yao. Kwa nini? Nani aliogopa jibu lao?

Kikabaki kizuizi cha umri. Rais Museveni, aliyeingia madarakani Januari 1986, asingeweza kugombea tena mwaka 2021. Miaka 75 ingekuwa imempita. Septemba 2017 muswada wa kufuta kizuizi hicho ukafikishwa bungeni, na tarehe 27 watu wa usalama wakaingia ndani ya ukumbi wa Bunge na kuwaburuta nje wabunge wa upinzani. Ndani ya ukumbi! Mbunge Betty Nambooze aliumizwa mgongo, akaishia kutibiwa India. Kisha kila mbunge akatengewa shilingi milioni 29, eti akashauriane na wananchi wake. Wapo waliozirudisha, nao wanastahili heshima yetu. Desemba zaidi ya wabunge 300 wakapitisha muswada, na humohumo wakajiongezea muda wao wenyewe kutoka miaka mitano hadi saba. Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale mwaka 2018, iliwanyang'anya miaka hiyo miwili, lakini ikauacha mlango wa rais wazi. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikakubali hivyo kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Jaji mmoja tu!

Wapo wanaosema ukomo hauna maana, mwananchi asiyemtaka rais amnyime kura. Hoja hiyo naikataa kabisa. Anayegombea akiwa Ikulu ndiye amiri jeshi mkuu, ndiye anayeteua Tume ya Uchaguzi, na hazina iko chini yake. Mpinzani Kizza Besigye alishindana na Museveni mara nne, na katika miaka hiyo mahabusu na mahakama vikawa kama makazi yake.

Wakenya walijifunza. Katiba yao ya 2010, katika Ibara ya 255, imeuweka muda wa rais miongoni mwa mambo ambayo Bunge peke yake haliwezi kuyabadili. Lazima kura ya maoni ipigwe, na angalau asilimia 20 ya wapigakura waliojiandikisha wajitokeze katika nusu ya kaunti. Mwaka 2024 ulipoletwa muswada wa kurefusha muhula kutoka miaka mitano hadi saba, wananchi waliupinga kwa sauti kubwa, na ukakataliwa.

Basi Uganda irudishe mihula miwili, na safari hii kifungu hicho kiandikwe katika Ibara ya 260, pamoja na vile vinavyodai kura ya maoni. Na mbunge yeyote anayeomba kura aulizwe hadharani, kijijini kwake, kama atakiunga mkono. Aliyepokea milioni 29 ili akashauriane nasi hawezi kudai kwamba hajui njia ya kutufikia.