Mnara wa Bagamoyo na Uamuzi wa Kwihara

Katika eneo la Misioni ya Bagamoyo umesimama mnara wa mawe ambao kanisa lake halipo tena. Kanisa hilo lilijengwa mwaka 1872 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika hapo kutoka Unguja mwaka 1868. Leo waumini husali katika kanisa kubwa zaidi lililojengwa kati ya mwaka 1910 na 1914, na la kwanza limebakiwa na mnara tu. Mnara huo huitwa Mnara wa Livingstone. Jina hilo lafaa tulitafakari, hasa sisi wa Tabora, kwa sababu habari yake inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Umbo la mnara ni la makanisa ya Ulaya, lakini maarifa ya ujenzi wake ni ya pwani yetu. Huko jiwe la matumbawe ndilo hujenga ukuta, na matumbawe hayo hayo yakichomwa tanurini hutoa chokaa ya kuushikamanisha. Ukuta wa namna hiyo huishi miaka mingi ukitunzwa. Lipu ikiachwa ibanduke, mvua huingia, na kilichojengwa kwa jasho la wengi huporomoka kimya kimya.

Tarehe 24 Februari 1874 maiti ya David Livingstone ililazwa hapo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye Uingereza. Kwa ajili ya usiku huo mmoja mnara ukapewa jina lake. Lakini maiti haitembei. Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Wenzake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walikutana wakashauriana, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaikausha maiti juani, kisha wakaibeba kwa muda wa miezi tisa hivi. Miongoni mwao walikuwamo wanawake, kama vile Halima aliyekuwa mpishi.

Mwezi Oktoba 1873 walifika Unyanyembe. Huko walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, kiongozi wa msafara uliotumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri waizike maiti papo hapo, kwani njia iliyobaki ilikuwa ndefu na yenye hatari. Walikataa. Walisema wataifikisha pwani, na hawakurudi nyuma katika neno hilo.

Wala hatari haikuwa ya kubuni. Walipofika Kasekera, wakielekea pwani, wenyeji hawakuridhia maiti ipite katika nchi yao. Wasafiri wakajifanya wamekubali kuirudisha Unyanyembe. Walifunga mabua mfano wa maiti, wakawatuma wenzao wachache warudi nayo, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo. Hivyo wakapita salama.

Baadaye Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza lilitengeneza nishani 60 za kuwasifu watu hao kwa uaminifu wao. Uaminifu ni sifa njema, lakini katika jambo hili neno hilo halitoshi. Mtumishi mwaminifu husifiwa kwa kutii. Hawa hawakutii. Bwana wao alikwisha kufa, na ofisa wa taifa lake alipotoa ushauri, waliupima wakaukataa. Walichofanya Kwihara na Kasekera ni kazi ya viongozi: kushauriana, kuamua, kubuni mbinu na kukubali matokeo yake.

Huenda wakatokea watakaosema kwamba watu hao walihofia tu kutuhumiwa kifo cha Mzungu, au walitazamia ujira. Yawezekana mawazo hayo yalikuwamo. Lakini kupima tuhuma, haki na ujira kabla ya kuamua ni dalili ya akili timamu, wala si upungufu wa utu. Na ujira wenyewe haukuwa wa kujivunia: walipofika pwani walilipwa wakaachishwa kazi, na miongoni mwao ni Jacob Wainwright peke yake aliyehudhuria mazishi ya London tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baada ya kaburi kufungwa.

Sisemi jina la Livingstone lifutwe. Kufuta jina moja ili kuandika jingine ni kurudia kosa lile lile kwa mkono mwingine. Ninachosema ni kwamba jina hilo pekee linampa mwanafunzi nusu ya habari: anamjua aliyebebwa, hawajui waliobeba. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, pamoja na Bagamoyo, Kwihara na Ujiji, katika orodha ya maeneo inayokusudia kuyaombea hadhi ya Urithi wa Dunia. Njia hiyo ilitandikwa kwa nyayo za wapagazi. Haiwezekani kuidai heshima ya njia na kuwasahau walioitembea.

Kwa hiyo, ndugu walimu, kazi ianzie hapa. Kutoka Chemchem hadi tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, ni safari fupi. Wapelekeni wanafunzi, na mkiwa huko msiwaulize tu ni nani aliyelala katika chumba kile. Waulizeni pia ni nani waliokataa ushauri wa Cameron, na kwa sababu gani. Nanyi ndugu watumishi mnaosimamia mambo ya kale, mtakapoipaka chokaa upya ile lipu ya Bagamoyo, andikeni chini ya mnara majina ya Chuma, Susi, Halima na Wainwright. Chokaa huhifadhi ukuta. Majina hayo yatahifadhi sababu ya kuutunza.