Butembo na Beni: gesi ianze kwenye sufuria ya maharage, nyama ya kuchoma ingoje

Jioni, mbele ya nganda za komini ya Kimemi mjini Butembo au za Bungulu mjini Beni, kazi ya kwanza ya mchomaji ni moto, nyama inafuata. Anajaza makala, anapepea kwa kipande cha karatoni, anangoja mpaka yawe mekundu, na mteja anangoja pamoja naye. Mvua ikinyesha, makala mabichi yanatoa moshi na kila mtu anakohoa. Ndiyo maana jiko la gesi la kuchomea, lenye kifuniko na vyuma vinavyong'aa, linamvuta kila mwenye nganda anayeliona. Linawaka kwa dakika moja na halina majivu. Lakini kabla ya kutoa dola, kuna hesabu ambayo muuzaji hana faida ya kuifanya mbele ya mnunuzi.

Makala yenyewe yamekuwa biashara ya hatari. Sehemu ya makala ya Kivu Kaskazini inatoka ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambako kuyachoma ni marufuku, na kwa miaka mingi makundi yenye silaha yamejilipia ushuru humo. Butembo ina bahati kidogo: milima inayouzunguka mji imepandwa mikaratusi, na mti wa mtu binafsi hauulizwi maswali mengi. Lakini mji umekua haraka kuliko miti yake, na magunia sasa yanatoka mbali zaidi, upande wa magharibi wa Lubero na upande wa kaskazini wa Beni. Ni kulekule ADF wanakoua wakulima mashambani. Mwezi wa 9 mwaka 2025, huko Ntoyo karibu na Manguredjipa, waliua watu zaidi ya 60 waliokuwa kwenye matanga. Kila mara wakaaji wanapokimbia eneo kama hilo, wachoma makala wanakimbia pia, na gunia linalofika sokoni linabeba gharama ya njia ndefu na ya vizuizi vingi.

Gesi nayo ina njia yake, na njia hiyo ni moja tu. Inashuka kutoka bandari za Bahari ya Hindi, inavuka Uganda, inaingia Kasindi. Tangu M23 waingie Kanyabayonga Juni 2024, kisha Goma mwishoni mwa Januari 2025, barabara ya kusini si tegemeo tena kwa mfanyabiashara wa Butembo. Zimebaki kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na kilomita 54 za Beni hadi Butembo, zilezile zilizo katika mradi wa barabara ambao marais Tshisekedi na Museveni waliuzindua mpakani Juni 2021. Kuna shambulio moja barabarani, au mzozo mmoja kwenye forodha, na aliyeuza mbabula yake ili anunue gesi anabaki na chuma kitupu. Mbabula isiuzwe.

Hesabu yenyewe ni hii. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya moto kupita kilo moja ya makala, na tena jiko la gesi halipotezi joto kama mbabula ya bati. Ukiweka hayo mawili pamoja, kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo tatu na nusu za makala hivi, pengine nne. Kwa hiyo mama wa nyumba asiulize bei ya mtungi peke yake. Apime gunia lake la makala, ajue kilo moja inamgharimu franka ngapi, azidishe mara tatu na nusu, kisha alinganishe na kilo moja ya gesi. Kwa sufuria, mara nyingi atakuta pengo ni dogo kuliko alivyofikiri, hasa mtu anayenunua makala kwa vifurushi vidogo vya kila siku, maana kifurushi ndicho ghali kuliko vyote.

Kwa nyama ya kuchoma hesabu inageuka. Kichomeo kimoja cha sufuria, kikiwa wazi kabisa, kinakula kama gramu 200 za gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 6 unakipa saa 30. Jiko la kuchomea lenye vichomeo vitatu au vinne linaweza kula gramu 700 au 800 kwa saa. Mtungi uleule wa kilo 6 unaisha kwa saa nane, yaani jioni mbili za nganda yenye wateja. Tena, gesi inapotoka kwa kasi namna hiyo, mtungi mdogo unapoa, unatoa jasho, na moto unapungua wakati gesi bado imo. Wengine hapo wanausogeza karibu na mbabula ili upate joto. Hilo ni kosa linaloweza kuua nyumba nzima. Anayetaka kuchoma nyama kwa gesi kama biashara anahitaji mtungi wa kilo 12 au zaidi, na wa pili wa akiba, na hapo mtaji umekwisha kuwa mwingine kabisa. Kuhusu ladha, ubishi ni mrefu, lakini sehemu kubwa ya harufu ya mshikaki inatokana na mafuta yanayodondokea kitu cha moto. Tilapia wa Kyavinyonge juu ya chuma kilichopata joto kwa dakika kumi hawatamkasirisha mtu.

Mnunuzi wa kwanza anaibiwa hasa kwenye uzito. Juu ya mtungi, kwenye kola ya chuma, umepigwa muhuri wa uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi karibu na herufi T au neno TARE. Uzito huo ukiongezwa kilo za gesi unatoa jumla, na mizani inayopima maharage sokoni inatosha kuithibitisha. Muuzaji anayekataa kupima amekwisha kujibu. Jambo la pili ni kichwa cha kufungulia gesi, kile mafundi wanaita detandere: mitungi ya kampuni mbalimbali za Afrika Mashariki haina vilango vya ukubwa mmoja, na detandere isiyolingana inafungwa kwa nguvu, kwa raba, kwa kamba. Heri kununua mtungi, mpira na detandere mahali pamoja, na kuuliza kabla ya kulipa: ukiisha, nitabadilishiwa wapi, hapa au Kasindi?

Siku ya kuwasha, mtungi unasimama wima, nje au penye hewa, mbali na mbabula na mbali sana na meza ya kadhafi mwenye chupa zake za petroli. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu na kupotea kama moshi. Inatambaa chini, inajaa kwenye shimo, chini ya kitanda, kwenye mfereji. Kwa sababu hiyo dirisha la juu peke yake halisaidii, lazima mlango uwe wazi. Maji ya sabuni yanapakwa kwenye viungo vyote: mapovu yakikua, gesi inavuja, na hakuna kuwasha. Kwa jiko la kuchomea, kifuniko kinafunguliwa kabla ya kufungua gesi. Likikataa kuwaka, gesi inafungwa na watu wanangoja dakika tano, kifuniko kikiwa wazi, kabla ya kujaribu tena. Kwa kumaliza, kinachofungwa kwanza ni mtungi, ili gesi iliyobaki ndani ya mpira iungue yote. Na mafuta ya nyama yakishika moto, maji hayatumiwi.

Kuna pia jambo la mlima. Butembo iko kwenye mita zaidi ya 1700, hewa yake ina upungufu wa karibu sehemu moja ya tano ikilinganishwa na pwani, na jiko lililotengenezwa kwa Mombasa linaweza kutoa moto wa njano unaopaka sufuria masizi. Tundu la hewa chini ya kichomeo likifunguliwa kidogo, moto unarudi kuwa wa buluu. Maji nayo yanachemka huko kwenye digrii 94 hivi, kwa hiyo maharage yanachukua muda kupita Beni. Yakilowekwa usiku kucha, gesi nyingi inaokolewa.

Sehemu ya serikali imebaki kuwa ndogo mno. Majirani wameona kwamba mambo haya hayajiendeshi yenyewe. Kenya iliweka kodi ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia Julai 2021, ikaipunguza nusu mwaka uliofuata, ikaiondoa 2023. Tanzania imejiwekea lengo la kufikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Na Nairobi iliona upande mwingine usiku wa tarehe 1 Februari 2024, pale ghala la kujazia gesi lisilo na kibali lilipolipuka Embakasi katikati ya nyumba za watu, likaua watu kadhaa na kujeruhi mamia.

Gesi ya Ziwa Kivu, ambayo Kinshasa ilitangaza zabuni ya vitalu vyake vitatu mwaka 2022, haitajaza mitungi hii. Ile ni methani, ya kuzalishia umeme zaidi kuliko ya kubebwa mgongoni kwa pikipiki. Inayohitajika Butembo na Beni ni midogo na iko karibu. Serikali ya jimbo, ambayo tangu 2025 inafanyia kazi Beni, haihitaji ruhusa ya Kinshasa kutuma watu wenye mizani kwenye maduka, kukataza ujazaji wa mitungi ndani ya kata zenye nyumba zilizobanana, na kuiomba OCC pale Kasindi itazame vilango na tarehe za ukaguzi wa mitungi, si hati za forodha tu.

Wapo pia watakaopoteza. Gunia la makala ya mikaratusi linalisha mwenye shamba, mchoma makala, mwenye pikipiki, na mama anayeuza vifurushi mlangoni, wote wa Lubero na Butembo. Pesa ya gesi inavuka mpaka siku hiyohiyo, kwa dola. Kwa miaka ya karibu nyumba nyingi zitakuwa na vyote viwili: gesi kwa chai ya asubuhi na maziwa ya mtoto, mbabula kwa maharage na sombe, na nganda zitaendelea kupepea makala mpaka mitungi ya akiba ipatikane bila kungoja lori la Kasindi.